Pikapu Iliyokuwa Inapona Ikifika Gereji

Siku yangu ya kwanza gereji nilipewa karai ya mafuta ya taa na brashi ya kufua nguo. Spana sikupewa. Na mimi nilikuwa nimeenda na rinda ya kanisa, wee, ile ya maua, kwa sababu nilifikiria kazi ni kazi, mtu anaenda akiwa amependeza. Fundi Mkubwa akaniangalia kutoka kitambaa ya kichwa mpaka viatu. "Mama Kamau," akaniuliza, "umekuja kuolewa ama kuosha?" Gereji yote ikacheka. Na mimi nikacheka, ungefanya nini? Jioni maua yote ilikuwa imeisha, ni grisi tupu, na Kamau wangu akakataa chapati nikimpea, ati mikono inanuka lori.

Hiyo ilikuwa Thika, miaka ya tisini ikianza. Shule mimi niliacha mapema sana, kwa hivyo nyinyi vijana msiniulize mambo ya vitabu. Injini niliisoma na vidole. Ukiosha kitu kila siku, inakuambia mambo yake. Plagi, hiyo kitu ndogo ya kuwasha moto ndani ya injini, ikikuja nyeusi na kavu kama makaa, hiyo gari inakunywa petroli mingi. Ikikuja inang'aa oili, ndani kumechoka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hiyo injini iko na raha, iache.

Fundi Mkubwa alikuwa Mwislamu, mtu mfupi, mpole, na kofia nyeupe ambayo mpaka leo sielewi vile haikuwa inashika grisi. Ijumaa mchana akienda msikitini gereji ilikuwa inanyamaza hata redio. Ni yeye alinitoa kwa karai. Alinipatia spana namba kumi akasema, "Kuosha umejua. Sasa fungua." Na alikuwa na neno lake moja, alikuwa anatuambia kila asubuhi mpaka tukachoka: "Gari haiamki tu iamue kuugua. Kuna kitu ilibadilika. Uliza mwenye gari. Akisema hakuna, uliza tena. Akisema hakuna, enda uangalie mwenyewe."

Sasa kulikuwa na mzee mmoja wa Gatuanyaga na pikapu yake. Ilikuwa ya zamani hata wakati huo, ile ya taa ya mviringo. Rangi yake ilikuwa bluu, lakini vumbi ya Gatuanyaga ilikuwa imeamua ingine. Alikuwa anabeba nayo maziwa ya majirani na nyasi ya ng'ombe. Akaanza kutuletea akilia inamiss.

Kumiss ni hivi. Injini hiyo iko na silenda nne, na kila moja iko na zamu yake ya kuwaka. Moja ikikosa zamu, gari inatetemeka kama mtu wa malaria, inavuta, inasita, inavuta. Kujua ni gani mgonjwa ni rahisi: injini ikiwa inawaka, unatoa waya ya plagi, moja halafu ingine. Ukitoa ya silenda mzima, injini inalia. Ukitoa ya ile mgonjwa hakuna kitu inabadilika, ni kama umefuta kazi mtu ambaye hakuwa anafanya.

Basi tukatoa waya ya kwanza, injini ikalia. Ya pili, ikalia. Zote nne zikalia! Ilikuwa mzima kabisa.

"Haiya!" mzee akashika kiuno. "Kutoka nyumbani imekuja ikiruka kama mbuzi! Sasa inajifanya malaika?"

"Mzee, labda inaogopa Mama Kamau," Fundi Mkubwa akasema.

Tukasugua pointi, zile chuma ndogo za kukata umeme wa plagi, tukafungua kabureta tukaosha, tukaweka plagi mpya. Akaenda. Akarudi. Barabarani inamiss, gereji imepona. Fundi Mkubwa akamuuliza, "Nini ilibadilika?" Mzee akasema hakuna. Akamuuliza tena. Hakuna.

Na Jumamosi ilikuwa inakuja, na hiyo Jumamosi ndio ilikuwa inamnyima mzee usingizi. Kijana wake wa mwisho alikuwa anapeleka ruracio, mahari, kwa watu wa msichana huko Kalimoni. Wazee, mbuzi, kreti za soda, wote walikuwa wapande hiyo pikapu.

"Watu wa Kalimoni wakituona tukisukuma gari kuingia kwao," mzee akaniambia polepole, "watasema huyo msichana anapelekwa kusukuma maisha yake yote. Na watamnyima kijana."

Alhamisi Fundi Mkubwa akachoka. "Kesho tunashusha injini." Kushusha ni kuitoa yote nje na nyororo, kuipasua, kuangalia ndani. Si mambo ya siku moja. Jumamosi ingefika ikiwa vipande ndani ya karai yangu. Mzee alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

Fundi Mkubwa akamwonea huruma. "Mama Kamau, kabla tuguse boliti, asubuhi enda kwake. Uisikie ikiamka."

Nikaenda. Nikakuta mzee ameiwasha iko hapo nje ya boma. Ngai, ilikuwa inanguruma laini kama paka amelala! Nikasimama nikiisikiliza nikashangaa, sasa tunashusha nini?

Ndio bibi yake akatoka jikoni na mkebe, ile kubwa ya mafuta ya kupikia, imefungwa kifuniko. "Baba, njahi yako," akasema, yale maharagwe nyeusi ya kwetu. Mzee akafungua boneti, akasukuma mkebe juu ya ile chuma ya kutoa moshi, pale kwa joto, ndio saa ya kula chakula iwe moto. Madereva wengi walikuwa wanafanya hivyo siku hizo, wengine hata walikuwa wanachoma mahindi hapo. Akafunga boneti.

Prr, prr, prr, ka! Prr, ka! Pikapu ikaanza kuruka hapo hapo nikiiangalia.

Nikacheka mpaka kuku ikakimbia.

"Unacheka nini, maitu, mama yangu?" mzee akaniuliza.

"Baba, toa hiyo mkebe."

"Mkebe gani?"

"Wee! Hiyo nimeona ukiweka na macho yangu!"

Akaitoa. Paka akalala. Nikamwambia arudishe. Ka! Ka! Bibi yake akaweka mkono kwa mdomo. "Kwa hivyo ni njahi yangu imeharibu gari?"

"Si njahi, maitu. Ni mkebe."

"Lakini hiyo mkebe ni mpya!"

Nikamgeukia. "Na ile ya zamani?"

"Ilitoboka. Ilikuwa ndogo ndogo."

Mnaona sasa? Hiyo ndio kitu ilikuwa imebadilika. Mkebe ya zamani ilikuwa inakaa na adabu yake. Hii kubwa ilikuwa inafinya waya ya plagi ya pili kwa chuma ya moto, mpira ikaungua upande wa chini, pale hatukuona. Moto wa plagi badala ya kuingia injini ukawa unarukia hiyo chuma. Ukitoa mkebe, waya inajitoa kwa chuma, na gari imepona.

"Na mbona hukutuambia unabeba chakula?" nikamuuliza mzee.

Akaangalia chini. "Mzee mzima, nibebe chakula kama mtoto wa nasari? Mnicheke? Nilikuwa nafika, naitoa naweka ndani ya koti kabla hamjanikaribia." Na sisi tulikuwa tunamwona akifungua boneti, tunasema huyu mzee ni mzuri, anatusaidia!

Tukaenda Thika mkebe ikiwa kwa magoti yangu, inanichoma, na pikapu haikuruka hata kidogo. Tukapata Fundi Mkubwa ameshatundika nyororo. Nikamwonyesha: mkebe ndani, mkebe nje. Akaketi juu ya tairi akacheka mpaka akatoa ile kofia yake akajipangusa macho.

"Basi mzee, nakuwekea waya mpya. Na kutoka leo kula hotelini."

"Hapana," mzee akasema.

"Hapana nini?"

"Huyo mama ananipikia tangu nikiwa na baiskeli. Nikimwambia awache kwa sababu ya gari, nitalala wapi? Ndani ya gari?"

Fundi Mkubwa akaniangalia. "Mama Kamau, tengenezea mkebe kitanda."

Nikatafuta chuma ya bapa, nikakunja, nikatoboa, nikafunga huko mwisho wa ile chuma ya moshi, mbali na waya zote, na ndoano ya kushika kifuniko. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ambayo hakuna mtu alinionyesha. Ijumaa hiyo sala ya msikitini ilipoisha, Fundi Mkubwa akarudi akaitingisha. Haikusonga. Akasema tu, "Mh." Kutoka kwake, hiyo ilikuwa hotuba.

Baadaye nilihamishiwa gereji ya Ruiru, chini ya Meneja, mtu wa tai na ofisi na kiyoyozi, lakini mkarimu. Alinipatia vijana wa kufundisha, na neno langu la kwanza kwao lilikuwa lile la Fundi Mkubwa. Nilifanya huko mpaka magoti ikakataa kuingia chini ya gari, nikasema asante, nikarudi nyumbani Gitothua. Siku hizi fundi anachomeka kompyuta kwa gari inamwambia ugonjwa. Mimi naona ni vizuri. Lakini bado muulize mwenye gari amebeba nini.

Na vijana wakiniuliza, "Cucu, nyanya yetu, hiyo kazi ya grisi ulipata nini?" mimi nawaambia mambo ya Jumatatu ile baada ya ruracio.

Mzee alifika asubuhi, akitabasamu kutoka kwa geti. "Tulipanda mlima wa kwao wazee wote wakiwa juu! Baba ya msichana akasema, gari imenyamaza hivi, hiyo boma iko na amani." Msichana wakapewa. Halafu akafungua boneti mbele ya watu wote, bila kuficha, akaniambia, "Lakini bibi amesema kitanda yako ni ndogo."

Nikainama nikaangalia. "Si nilipima vizuri!"

"Inalala mkebe moja. Anataka mbili."

Nikatengeneza ya pili, nikinung'unika, huyu mzee anakula kama ng'ombe. Kesho yake akarudi na mikebe miwili, akatoa moja akanipatia na mikono yote miwili.

"Hii bibi amesema ni ya fundi."

Nikageuka nione kama Fundi Mkubwa yuko nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Fundi ni mimi. Nikafungua, nikakula njahi moto nikisimama kando ya boneti, injini ikiwaka, na haikumiss hata mara moja.