Salamu za Njia ya Titye

Nimeshona nguo miaka kumi na tisa katika soko la Kasulu, na muda wote huo kazi ya miguu yangu ilikuwa kukanyaga cherehani. Nilipojiandikisha kukimbia marathoni, ya kwanza maishani, mama yangu hakunielewa hata kidogo. Yeye aliingia nchi hii akikimbia vita, kupitia mpaka wa Manyovu, mimi nikiwa mgongoni.

"Mimi nilikimbia bunduki," aliniambia. "Wewe unakimbizwa na nani?"

Nilitaka tu kufika mwisho wa jambo gumu nililolichagua mwenyewe.

Kila alfajiri nilikimbia kutoka mjini hadi kwa mama, njia ya Titye. Tatizo lilikuwa salamu. Huku kwa Waha, salamu si neno la kurusha huku unapita. Kwa mkubwa unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, unasema "Mwakeye" ya asubuhi, kisha unauliza watoto, mbuzi na yule mgonjwa wa mwezi uliopita. Kila nilipopata kasi, huyo hapo bibi na jembe lake begani. Nami hasira zangu ziko karibu. Nikaona wazee wananiharibia mazoezi, nikavaa spika za masikioni na kuwapita nimekaza macho mbele.

Haikuisha wiki. "Nimeletewa habari kwamba mwanangu amekuwa kiziwi," mama alisema, wala hakunikaribisha kiti. Nikazivua, nikarudi kusimama na kuinama, huku nimenuna.

Kisha likaja joto. Sisi wa huku juu tumezoea asubuhi za sweta, lakini mwaka ule mvua zilichelewa, na saa tatu tu jua lilikuwa linachoma utosi. Wiki moja kabla ya mbio, waandaaji wakatuma ujumbe: joto likizidi, mbio ndefu zitakatwa nusu, na uamuzi utatolewa asubuhi ile ile. Niliogopa sana. Nusu nilikwisha kuikimbia mara nyingi, kwenda kwa mama na kurudi. Nikawa naangalia hali ya hewa kwenye simu kila baada ya mshono. Asubuhi inaonyesha wingu, mchana jua. Siku moja nikashona mkono wa kulia wa gauni la mteja upande wa kushoto.

Jirani yangu wa duka la vitambaa, mzaliwa wa Tanga, alinicheka. "Shoga, hili nalo joto? Kwetu tungeomba shuka." Alicheka, lakini jioni aliniletea kofia yenye ukingo mpana.

Siku moja kabla ya mbio nilimkuta mama akilima shamba la maharage, vumbi tupu. Nikamuuliza kwa nini analima na mvua yenyewe haijulikani.

"Nikikaa ndani ndiyo itajulikana?" akajibu, akaendelea na jembe lake.

Nikarudi mjini, nikazima simu, nikapiga pasi fulana ya mbio.

Asubuhi wakatangaza: mbio ndefu zipo, ila ambaye hatakuwa amefika kilomita ya thelathini saa nne kamili atarudishwa kwa gari. Tukaondoka saa kumi na mbili. Vijana wakaniacha mapema. Jua lilipokolea, mimi nikafanya nilichozoea: kila penye wazee nilitembea, nikainama, nikapiga makofi, nikapokea maji, nikaendelea. Miezi yote ile nilikuwa nimejifunza kukimbia na kusimama, na mwili haukushangaa. Wale vijana niliwakuta mbele wamekaa kivulini, wakijimwagia maji kichwani. Sikuwacheka. Basi, nilicheka kidogo.

Kabla tu ya kilomita ya thelathini, mbele ya mashine ya kusaga, mama alikuwa amesimama na jagi la maji. Muda ulikuwa unakaribia kuisha, nami nilijua. Hata hivyo miguu ilipunguza mwendo yenyewe, na mikono ikaanza kukutana.

"Pita!" mama akapaza sauti. "Pita wewe! Salamu haiozi!"

Mama yule yule aliyeniita kiziwi. Nikapita nikilia kama mtoto, nikafika kwenye alama zikiwa zimebaki dakika mbili.

Nilimaliza mbio wakati wanakunja viti. Jioni bodaboda ikanifikisha Titye, nikashuka uani kwa mama ili nimsalimie inavyopasa. Magoti yakakataa. Nilijaribu mara ya pili, nikashika ukuta, nikabaki nimesimama wima mbele ya mzazi wangu kwa aibu.

Mama alinitazama, akaweka ungo chini. Akainama yeye, akapiga makofi taratibu.

"Mwakeye," akasema, jua likiwa linazama, kwa kuwa salamu ya asubuhi tulikuwa bado hatujapeana.