Jembe la Bibi Paskalina

Ipo safari moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposikia harufu ya maganda ya vitunguu. Nilitoka Rombo kabla ya jua, nikashinda stendi ya Arusha, hatimaye nikapata lori lililokuwa limeshusha vitunguu, likirudi tupu Mang'ola. Nililala juu ya maganda toka Makuyuni hadi Mto wa Mbu. Tulipopanda ule ukuta wa bonde, baridi ya Karatu ikaniamsha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Leo bado si mzee wa mkongojo, lakini jambo la kukuambia ninalo.

Rafiki yangu Deo, aliyenitangulia huko, alikuwa amepata mashine ya kupimia madini, ile inayolia ikipita juu ya chuma kilichofukiwa. Tulikuwa tukitafuta sarafu za zamani, hela na rupia za Mjerumani, maana watalii walizipenda. Kule Daa, upande huohuo wa Karatu, mjane mmoja wa Kiiraqw, Bibi Paskalina, alituruhusu kuchimba kwenye shamba lake lililokuwa limepumzishwa.

"Mjerumani alimbebesha babu yangu mizigo mpaka akapinda mgongo," alituambia, "na hakumwachia hata kifuniko cha sufuria. Lakini chimbeni. Ila kila mtakachokitoa, nileteeni nikione."

"Hata misumari, Bibi?" Deo akauliza.

"Nimesema kila kitu. Au siku hizi inayosikia ni mashine peke yake?"

Tulicheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tulisikia kwa sikio moja. Senti zenye tundu tulimpelekea, akazigeuza mkononi na kuturudishia. Chuma chenye kutu tulikitupa korongoni. Tulikuwa vijana wenye haraka, na kisichong'aa hatukukiona.

Siku ya tano Bibi alishuka korongoni kukata majani ya ng'ombe, akarudi bila majani. Ndani ya khanga alikuwa amebeba jembe lisilo na mpini, limeliwa na kutu upande mmoja.

"Hili mmelitoa shimo gani?"

Deo alinitazama. Mashimo yalikuwa yamepita arobaini, na yote tulikwisha kuyafukia.

Ndipo alipotueleza. Mtoto wake wa kwanza alizikwa humo shambani, nyuma ya nyumba yao ya zamani. Mumewe alililaza juu ya kaburi jembe lilelile alilochimbia, akalifukia. Baadaye watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba ikabomolewa, trekta likalima ngano juu ya kila kitu. Waliporudi hapakuwa na jiwe wala mti wa kuwaonyesha.

"Nilijua mashine yenu italisikia," alisema. "Sikuweza kulitaja mbele ya vijana wanaocheka."

Deo aliniachia mashine, akaenda mjini kutafuta wateja wa senti zetu. Mimi nikarudi kwenye mashimo yetu, moja baada ya jingine. Chuma kikikaa sana ardhini huacha kutu yake kwenye udongo, na mashine ukiishusha kabisa huguna kidogo, kama mtu anayeota. Wiki nzima niliinama. Mashimo mawili tu ndiyo yaliyoguna. Niliyafukua, nikalinganisha udongo, nikaunusa. Yote mawili yalikuwa mekundu vilevile.

Bibi akaja, akasimama katikati ya mashimo hayo. "Sema ni lipi. Nitakuamini."

Mwanangu, ilikuwa rahisi kunyoosha kidole. Alikuwa amesubiri miaka mingi kuliko umri wangu, na ulimi wangu ulikuwa tayari. Lakini angepiga magoti maisha yake yote mahali nilipopabuni mimi.

"Sijui, Bibi. Ni mojawapo ya haya."

Kisha akatembea kutoka shimo moja hadi la pili, taratibu, akihesabu kwa Kiiraqw.

"Kumi," akasema. "Jana lilikuwa shamba zima. Hatua kumi naweza kuzizungushia ua."

Tulichomeka matawi ya manyara, ile miti ya ua inayochipua ikichomekwa, kuyazunguka mashimo yote mawili, naye akalilaza jembe katikati. Asubuhi iliyofuata alinisindikiza hadi barabarani. "Mashine yako isirudi hapa," alisema. "Wewe ukipita, njoo mikono mitupu."

Nilishuka na lori la vitunguu, safari hii limejaa, na sikurudi tena. Nimezunguka Geita, nimezunguka Tunduru. Najua manyara yale sasa yamenipita kimo. Natamani kuyaona, ila sijui kama yupo bado aliyeniambia njoo.

Basi sikia, mwanangu. Ukiruhusiwa kugusa cha mtu, mpelekee vyote, hata unavyoviona takataka, na ukumbuke ulipokitoa kila kimoja. Na usipojua, sema hujui, hata kama uongo ungemfurahisha anayekuuliza.

Mungu akupe miguu ya kufika mbali. Akupe na moyo wa kurudi mapema, mlango ukiwa bado una mtu wa kuufungua.