Mfungo Mosi Si Januari

Mimi nina hasira za karibu, mama husema hivyo na siwezi kumbishia. Lakini alasiri ile ya Idi, mbele ya uzio wa mabati, hata hasira zilinikimbia. Nilisimama kinywa wazi kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua.

Niseme kwanza mama alikuwa katika hali gani. Baba alifariki, mama akakaa eda. Eda ikaisha, tukamtoa, pilau ikapikwa, majirani wakaja wakala wakaenda zao. Ila mama hakutoka. Kila siku ana sababu. Leo jua kali, leo miguu yauma, leo "nendeni nyinyi, mimi nitawawekea chakula." Hata harusi ya jirani wa ukuta mmoja aliisikilizia dirishani. Na huyu ni mwanamke aliyekuwa hatulii nyumbani, mitaa yote ya Malindi aijua mlango kwa mlango! Nilibembeleza, nikanuna, nikapiga kelele, wapi. Kisha siku moja katikati ya Ramadhani, twafuturu kwake, akasema mwenyewe bila kuulizwa:

"Idi hii nipelekeni kiwanjani."

Nilitaka kulia. Nikajifanya nimeungua ulimi na uji.

Kiwanjani ni pale katikati ya mji. Wenye mradi wanapaita bustani, sisi ni kiwanjani tu. Miezi mingi ni pahali pa kukatia njia na pa vijana kuchezea mpira. Lakini Idi ikifika huoni mchanga kwa watu. Pembea za mbao zafungwa, achari na kachiri za muhogo zauzwa, na upande wa ukutani wanawake hutandika mikeka wakapiga soga mpaka maghribi. Maulidi nayo husomwa papo hapo. Mama hakuwahi kuikosa Idi ya kiwanjani tangu utotoni, isipokuwa akiwa mzazi wa siku arubaini.

Sasa kiwanja chenyewe kilikuwa kinajengwa upya. Kabla ya kazi kuanza tuliitwa kikaoni kutoa maoni. Mhandisi alikuwa kijana wa bara, mpole, kila mtu mzima shikamoo, akatuonyesha michoro: njia za matofali, taa, viti, na nyasi. Nyasi, kwa jua hili letu! Haya, michoro ilipendeza, sitasema uongo. Akauliza ni miezi gani tunakihitaji kiwanja sana, ili asimamishe kazi atuachie.

Aliyesimama kumjibu ni mjomba, kaka yake mama. Mjomba husema Kiswahili cha Malindi ya zamani, hakipunguzi wala hakiongezi.

"Mwanangu," akasema, "sisi haja yetu ni mfungo mosi na mfungo sita. Miezi mingine jengeni mtakavyo, hatuna neno."

Hakutaja Idi wala Maulidi. Ataje ya nini? Kwetu hata mtoto wa chuo cha Kurani ajua kuwa Ramadhani ikiisha huingia mfungo mosi, na Maulidi ni ya mfungo sita. Kijana akarudia polepole, "Mfungo mosi, mfungo sita. Sawa, mzee, hiyo miezi nitawaachia." Tukampigia makofi.

Ndiyo maana Ramadhani nzima, mabati yamezunguka kiwanja na mashine zanguruma, hatukushtuka. Mimi nilimwendea mjomba mara moja nikamwuliza. Akanifokea: "Mtu kaahidi mbele ya kadamnasi! Mwezi ukiandama watatoa vitu vyao."

Mwezi ukaandama. Siku ya Idi, baada ya alasiri, mama alivaa buibui jipya, akajifukiza udi, akatoka mlangoni ameshika ukuta kama anayejifunza kwenda. Tukapanda tuktuk, mimi nimekumbatia mkeka.

Lahaula! Mabati yapo vilevile. Kibao chasema kazi inaendelea, usiingie. Nikachungulia upenyoni: kiwanja kizima kimefukuliwa, na pale wanawake tunapokaa pana mtaro na mabomba ya maji. Nje watu wamejaa na nguo zao za Idi, hawajui waende wapi. Mhandisi alikuwa ndani, na alipotoka mjomba akamkamata mkono.

"Ulituahidi mfungo mosi!"

"Lakini mzee, niliwaachia!"

"Lini?"

"Mwezi wa kwanza. Januari yote nilisimamisha mashine, nikafagia, lango wazi. Hakuja mtu hata mmoja. Nikajiuliza, hawa watu wa Pwani vipi?" Akatuangalia mmoja mmoja. "Na msijali, Juni nawaachia tena."

"Juni!" mwanamke mmoja akapiga ukelele nyuma yangu.

Yarabi. Kweli Januari nililiona lango wazi, nikapita na kikapu changu, nikadhani wamekosa saruji. Mjomba akamwachia mkono. Mimi nilikuwa nimejaa matusi mpaka kooni, na sasa sina wa kumtapikia. Kijana wa watu machozi yanamlengalenga.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama. Amesimama penye upenyo, anautazama mtaro. Nikamshika mkono.

"Mama, twende zetu nyumbani. Tutakuja mwakani."

"Sirudi."

"Mama, hapana pa kukaa."

"Mwanangu, ndani ya nyumba kumeshanizoea. Nikirudi sasa hivi, sitoki tena mpaka mnitoe mmenibeba."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeniagiza chumvi. Akauchomoa mkeka kwapani mwangu, akautandika kando ya barabara, juu ya lami, akavua viatu akakaa.

"Mama, hapo magari yapita," mhandisi akamwambia.

"Basi uyaambie yapite kule."

Kijana akaenda, wallahi, akasimama katikati ya barabara na kofia yake ya kazi, akazigeuza tuktuk. Mwanamke wa pili akatandika, wa tatu, na wauza achari wakasogea. Mimi nami nikakaa. Lami ilikuwa na moto, mama alikuwa anacheka na mtu.

Maghribi ilipoadhiniwa nikamrudisha nyumbani. Mlangoni nilisubiri kusikia jua, miguu, nendeni nyinyi.

"Kesho Idi pili," akasema. "Waja kunichukua saa ngapi?"

"Saa kumi, mama."

"Njoo saa tisa. Tupate pahali pazuri."