Pasi za Baba na Chai ya Njia ya Giheta

Enzi zetu Gitega, mtu mnene alisalimiwa kwa heshima zaidi. "Fundi, umependeza, kwako iko chakula!" watu walimwambia baba yangu, naye akacheka hadi kitambi kikatikisika nyuma ya cherehani. Sisi watoto wa mtaa wa Waswahili tulijivunia vitambi vya baba zetu. Hakuna aliyehesabu hatua. Vijana wa leo wakikimbia Jumamosi asubuhi mpaka sokoni tu, picha inafika mtandaoni kabla jasho halijakauka.

Nilikuwa na miaka tisa siku muuguzi wa dispensari alipompima baba presha ya damu, akatazama mshale, akamwita mama ndani. Tansiyo iko juu mno, alisema. Apunguze uzito, apunguze mafuta na sukari, atembee, la sivyo moyo utachoka kabla ya mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza pumzi za baba kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya paa bovu.

Mama ndiye aliyepanga: kila Jumapili baada ya alasiri, familia nzima ipande kilima kwa miguu, njia ya Giheta. Wiki za kwanza tulikwenda wote, mama kajifunga kitenge kiunoni, harufu ya mikaratusi ikitupiga usoni, baba akiimba kwa sauti mbaya ili tucheke. Kisha mimba ya mdogo wangu ikawa nzito, mama akabaki nyumbani. "Zaina," aliniambia, "wewe ndiyo macho yangu."

Baba alikuwa na ugonjwa mwingine, huo wa furaha. Alikusanya pasi za mkaa. Si za kunyooshea nguo za wateja, hizo alikuwa nazo mbili. Alitaka zile kuukuu, zenye jogoo mdogo wa shaba kwenye komeo la mbele. Alizipanga kwenye rafu ya vyombo, na mama alilalamika kwamba sahani zake zinalala chini kwa ajili ya majogoo wasiowika. Na pasi kama hizo zilikuwa wapi? Chini ya vitanda vya mabibi, ndani ya nyumba za watu, kandokando ya njia ya Giheta. Bila mama, matembezi yetu yakageuka ziara.

Nasi hatuingii nyumba ya mtu tukatoka midomo mikavu. "Fundi, we utakataa chai yangu?" aliuliza Mama Hadija, muuza vitenge, mkono kiunoni. "Mi nimekukosea nini?"

"Bon, basi kidogo tu," baba alijibu.

Angesema nini? Siku zile kutangaza ugonjwa wako kwa watu ilikuwa kama kutoka nje bila shati. Ikaja chai ya maziwa, sukari vijiko vinne, maandazi ya moto. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Ya tatu walituwekea ndizi zilizoogelea kwenye mawese. Tukitoka, baba alinipa andazi la ziada, akasema, "Ya safari hayasimuliwi nyumbani." Nikalipokea. Nikala.

Kila Jumatatu mama alimzungushia futi ileile ya kupimia wateja. "Baba Zaina, unatembea na unanenepa! Hicho kilima kina nini?"

"Ni misuli," baba alisema, na wote wakacheka. Mimi nilijificha nyuma ya jiko. Nilijitungia sheria yangu: nikifika kwenye mkaratusi uliopinda kabla baba hajakohoa, ataishi wiki hii. Kila Jumapili nilikimbia kuufikia, na hakuna aliyejua nakimbilia nini.

Jumapili moja tulikuwa tunarudi, pasi mpya mkononi mwake, nzito. Katikati ya mwinuko baba aliketi chini barabarani, kama mtoto. Shati lilikuwa limelowa, midomo ina rangi ya majivu. "Zaina, subiri," alisema. Mtu wa baiskeli aliyebeba ndizi alizitupa zote kando ya njia, akampakia baba nyuma, akamshika kwa mkono mmoja huku akisukuma baiskeli hadi dispensari. Mimi nikakimbia nyuma yao na pasi kifuani, kwa sababu haikunijia kwamba ningeweza kuiacha.

Muuguzi aliuliza amekula nini. "Hajala kitu," alijibu mama, aliyeitwa mbio kutoka nyumbani, akihema. "Alikuwa kwenye matembezi."

Baba alinitazama. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akiomba kwa macho. Nikasema. Nyumba nne, vikombe vitano, vijiko vinne kila kikombe, maandazi sikumbuki. Na Jumapili zilizopita pia, zote.

Mama hakunipiga. Aliketi kwenye benchi, akashika tumbo lake. "Watu wanampenda baba yako mpaka watamuua," alisema.

Alipopona, mama alihamisha matembezi yakawa Alhamisi, na Alhamisi baba akawa anafunga, ile saumu ya sunna. Hakuna wa kumlazimisha mtu aliyefunga. "Yoo, Fundi, umefunga? Mungu akupokelee," walisema, hata jirani zetu Wakristo, wakampa pasi na kututakia njia njema. Suruali zikaanza kumpwaya. Alizipunguza mwenyewe, akijifanya amekasirika. Aliishi miaka kumi na miwili zaidi, lakini hakunipa tena siri yoyote nimtunzie. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa adhabu au huruma.

Sasa naishi Muyinga, nilikoolewa. Naandika vitabu, maana yake nakaa kitako, na mwaka huu daktari ameniambia maneno yaleyale. Pasi za baba ninazo, na nimeongeza zangu. Nyingi huja siku hizi kwa picha kwenye simu, kisha mtu wa pikipiki anazileta mlangoni. Kwa hiyo nimejilazimisha kuzifuata mwenyewe kwa miguu, na binti yangu Rukia, wa miaka minane. Mjini tunapita mageti yaliyofungwa. Enzi zetu tuliogopa kushibishwa. Leo unaweza kumaliza mtaa mzima usiulizwe hata umetoka wapi.

Wiki iliyopita tulishuka kwenye gari Mwakiro, tukapanda kilima hadi kwa bibi mmoja mkulima, aliyekulia Tanzania akarudi. "Pasi ipo, wanangu," alisema, "lakini hamwondoki bila chai."

Nikasema lile ambalo baba hakuweza. "Bibi, mimi naumwa tansiyo. Daktari amenikataza."

Hakununa. Alimimina hata hivyo, akaweka kikombe mbele yangu. "Usinywe, mwanangu. Ila mgeni hakai mezani pangu bila kikombe."

Tukakaa. Ilinukia tangawizi. Nilikishika kwa mikono miwili, na nikatamani kunywa, si kwa kiu, bali kwa kuwa ni miaka mingi sijabembelezwa hivyo. Rukia hakugusa andazi lake. Alikuwa ameinama kidogo, akitazama chai iliyo ndani ya kikombe changu, aone kama imepungua.