Malkia Kwenye Kona

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyenifundisha chesi, na kwa miaka saba sikuwahi kumfunga hata mara moja. Ni mtaalamu wa maabara mstaafu, anaishi mjini, mtaa wa Mwembesongo. Mimi nafundisha fizikia kijijini Mlali. Kila Jumamosi nilikuwa naingia mjini na mboga za kumpelekea, nampa shikamoo, naye ananifunga kabla chai haijaisha.

Siku moja niliuingiza mchezo wetu kwenye programu ya chesi ya simu, nione nilipokosea. Ikaniambia kwamba pale nilipokuwa nashambulia kwa nguvu, nilitakiwa kumrudisha malkia nyuma kabisa, kwenye kona. Nilicheka. Malkia ndiye kete yenye nguvu kuliko zote. Nani anamficha vita vikiwa vimepamba moto?

Nilipomsimulia wifi, alisema, "Simu haina aibu. Inacheza chochote."

Lakini hiyo simu ilikuwa inanifunga kila siku. Sikutaka kuiamini tu, wala kuibeza. Nikapanga kete mezani, na wiki nzima, nikimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, nikajaribu kila jibu ambalo wifi angeweza kutoa. Mwanzoni upande wangu ulifungwa vibaya. Nikaandika kwenye daftari langu: "Hovyo."

Siku ya nne nikaona. Pale kwenye kona, malkia alisimama nyuma ya askofu wangu, na wote wawili walitazama kwa mshazari hadi mlangoni kwa mfalme wa wifi, kwenye mraba wa jirani yake. Farasi wake tu ndiye aliyeziba njia. Akisogea, mfalme amekwisha. Asiposogea, naleta ngome na kumwandama hapohapo. Nikaifuta ile "hovyo", nikaandika: "Kali, ila kwa anayejua hatua mbili zinazofuata."

Wifi hufungua mchezo kwa namna ileile kila mara. Jumamosi ya tatu baada ya hapo, kete zikakaa vilevile. Nikamrudisha malkia kwenye kona.

"Umechoka, wifi?" akaniuliza.

"Cheza tu, wifi."

Akacheza haraka. Farasi wake akaruka, akala askari wangu. Nikampeleka askofu hadi mlangoni kwa mfalme wake. Wifi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hatua nne baadaye akamlaza mfalme ubaoni kwa mkono wake mwenyewe.

Nilisimama nikapiga vigelegele, peke yangu, mpaka jirani akachungulia kuuliza kama kuna mchumba aliyekuja.

"Hatua hii ni yako au ya simu?" wifi akauliza.

"Ya simu. Lakini nimeikagua wiki nzima."

Akarudisha kete, akatafuta dawa. Alijaribu ngome, akajaribu malkia, akajaribu kumkimbiza mfalme. Kila alichofanya nilikuwa na jibu lake, na kila jibu nililitoa bila kugusa simu.

Mwishowe akampigia mdogo wake, yaani mume wangu.

"Mkeo kanifunga," akamwambia. "Leo asipike. Pika wewe."