Plagi Yenye Tepu

Kisa hiki hamtakiamini, lakini mjomba mtu anakiapia: yupo fundi wa mitandao mwenye vidole vinavyoona. Ni mpwa wake, binti wa dada yake. Hupanga nyaya nane za rangi ndani ya kichwa cha plastiki cha kebo ya mtandao huku akitazama dirishani, hubana kwa koleo, kisha huvuta mara mbili kuona kama kimeshika au kinadanganya. Mtihani wa vitendo ni Jumatatu. Wa kwanza alifeli, na kazini wamemwambia hakuna wa tatu. Akiandika amri kwenye ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, kila baada ya mistari mitatu husema polepole, “Hifadhi,” kisha hubonyeza.

Tabia hiyo ina wiki moja tu. Mjomba alichomoa plagi ya ruta ili achaji simu, na kazi ya siku tatu, ambayo haikuwa imehifadhiwa, ikayeyuka. Binti alirudi kutoka jikoni, akatazama skrini, akakaa. “Umeme huo,” mjomba akasema, macho sakafuni. Binti alianza upya mstari wa kwanza, na kesho yake plagi ilikuwa imezungushiwa tepu nyeusi, raundi nne. Tangu hapo mjomba huupita ukuta ule wenye plagi kama mwizi wa kuku.

Leo jirani kaja kumtakia binti heri, na ulimi wa mjomba hauna mfupa: “Shemeji, siku ile umeme ulikatika mtaa mzima! Mpaka hospitali wakawasha jenereta, mpaka—”

“Mjomba,” binti akasema, koleo mkononi, “feni ilikuwa inazunguka.”