Upepo Nilioufuta

Wewe unayenijua utacheka: nakaa Kakuma, ambako mto wenyewe ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na bado kila asubuhi nafungua simu kutazama upepo wa ziwani. Leo imeandika upepo mkali. Tangu niuone sikai, sisimami. Chai nimeimwaga.

Nilisoma Lodwar. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa na mashua ndogo ya tanga kule ziwani, Kalokol, na Jumamosi alitupakia sita sita kwenye pikapu tukajifunze kuiendesha. Sharti lake lilikuwa moja: hatutoki ufuoni kabla hajasoma utabiri. Yeye Ijumaa jioni alikuwa na wanafunzi wa bweni, basi kazi ya kuusikiliza redioni na kuuandika kwenye kadi alinipa mimi. Nyanya yangu, niliyekaa kwake, alinyamazisha nyumba nzima. Sufuria ya samaki mkavu ikichemka, mbuzi wakifukuzwa mlangoni. "Nyamazeni, huyu anasikiza upepo!"

Ijumaa moja redio ikasema upepo mkali, vyombo vidogo visiingie ziwani. Kesho yake ilikuwa zamu yangu kushika usukani, na nilikuwa nimeingoja muhula mzima. Niliandika "mkali". Nikaitazama ile kadi weee, nikafuta, nikaandika "mdogo".

Asubuhi ziwa lilikuwa kimya. Mwalimu akaisoma kadi. "Sawa, kama redio imesema, twende."

Upepo ulitukuta mbali na ufuo, ukatupindua. Msichana mdogo kuliko sote alitolewa majini hapumui. Mwalimu alimkandamiza kifua, akilia waziwazi mbele yetu, mpaka mtoto akatapika maji na kuvuta pumzi.

Wazazi walipomjia juu alisema tu kwamba utabiri ulikosea na hatauamini tena. Mashua akaiuza. Nami nilikuwa pale pale, nikimsikia.

Siku hizi ziwa limepanda, na ule mchanga wa ufuoni tuliochomea samaki uko chini ya maji. Watoto wa Lodwar waliotufuata hawakuzijua kabisa Jumamosi zile. Mimi ndiye niliyeziua.

Mwezi uliopita nilimkuta mwalimu mjini Lodwar, mzee sasa. "Ejok!" akanisalimu kwa lugha ya kwetu. Akanishika mkono, akanipeleka kwa mkewe.

"Huyu ndiye msichana wangu wa hali ya hewa," akamwambia. "Siku ile redio ndiyo iliyokosea. Huyu hajawahi kukosea."

Nikamwamkia mama yule. Wakaniletea soda, nikainywa yote.